Vilevi na Afya ya Kujamiiana: Matatizo Mawili Yanayopaswa Kutibiwa kwa Pamoja

Somo kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza

Kijarida hiki kinaeleza jinsi pombe, tumbaku, miraa, bangi, heroini, kokeini na vidonge vya hospitali vinavyotumiwa bila mpango vinavyoweza kudhoofisha afya ya kujamiiana ya mwanamume na ya mwanamke. Kinaeleza pia upande wa pili usiosemwa sana: aibu ya matatizo ya chumbani humsukuma mtu kutumia vilevi zaidi. Taratibu za huduma zilizotajwa humu ni za England.

Jambo kuu la kukumbuka ni hili: matatizo haya mawili hulishana. Anayekwenda kutibiwa moja na kulificha la pili hupata nusu ya matibabu, na wakati mwingine hupewa dawa inayoweza kumdhuru. Yote mawili yaelezwe kwa mhudumu wa afya kwa pamoja.

Mfano wa nyumba moja

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo.

Mume ana umri wa miaka 46, ni dereva wa lori wa zamu ya usiku. Mkewe hutunza wazee. Mume aliumwa mgongo, akaandikiwa vidonge vya tramadoli. Muda wa dawa ulipokwisha, aliendelea kuvinunua kwa mfanyakazi mwenzake. Asubuhi, ili apate usingizi, alikunywa pombe kali. Baada ya mwaka mmoja hamu ya tendo la ndoa ilipungua, kisha nguvu za kiume zikamtoka. Hakumwambia mtu. Alihamia sebuleni kwa kisingizio cha zamu, akaongeza vidonge kwa sababu vilimsahaulisha, na hatimaye akaagiza "dawa ya nguvu" aliyoiona katika tangazo kwenye simu. Usiku alioitumia, moyo ulimwenda mbio na kizunguzungu kikamwangusha jikoni.

Mke aliamini kwamba kuna mwanamke mwingine. Ndugu walio nyumbani, kwa simu, walisema mume amefungwa na atafutiwe mganga. Mambo yalibadilika siku mke alipokwenda kupimwa shingo ya kizazi. Muuguzi alimwuliza kama kuna jambo jingine linalomsumbua. Alijibu kupitia mkalimani, "Baba Salma amenihama kitandani, na sijui kosa langu." Muuguzi akamwambia, "Mama, huenda ni mwili unaougua, si moyo uliohama. Mshauri aje apimwe."

Mume alikwenda kwa daktari akataja mgongo tu. Daktari alipomwuliza kila anachokitumia, alinyamaza, kisha akasema yote. Alipimwa shinikizo la damu, sukari, na homoni ya kiume, ambayo hupimwa asubuhi. Sukari ilikuwa juu na homoni ilikuwa chini. Tramadoli ilipunguzwa polepole chini ya uangalizi, pombe ikaachwa, kisukari kikaanza kutibiwa, ndipo akaandikiwa dawa ya nguvu za kiume iliyomfaa. Ilichukua miezi kadhaa, na si yote yaliyorudi kama zamani. Lakini alirudi chumbani, na mkewe alijua sababu.

Katika kisa hiki sababu zilikuwa tatu: vidonge, pombe na kisukari. Kama angetibiwa moja tu, zile nyingine mbili zingemrudisha alikotoka.

Mwili unavyofanya kazi

Tendo la ndoa hutegemea mambo manne. La kwanza ni damu: uume husimama, na uke hupata unyevu, kwa sababu mishipa ya damu hupanuka. La pili ni neva, zinazopeleka hisia kati ya ubongo na viungo. La tatu ni homoni, ambazo huleta hamu na kuongoza hedhi na utengenezaji wa mbegu za kiume. La nne ni akili iliyotulia. Kila kilevi hugusa angalau moja kati ya hayo, na vingi hugusa yote.

Ni muhimu kujua kwamba upungufu wa nguvu za kiume unaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu, kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba na huathirika mapema. Kwa hiyo tatizo hili lisifichwe wala lisitibiwe kwa dawa za barabarani; ni sababu tosha ya kumwona daktari.

Kila kilevi na athari yake

*Pombe.* Glasi moja humwondolea mtu haya. Kadiri zinavyoongezeka hupunguza hisia za neva na uume hushindwa kusimama. Matumizi ya muda mrefu hushusha homoni ya kiume na kudhoofisha ini na mbegu. Ushauri wa afya nchini Uingereza ni kutozidi vipimo 14 kwa wiki, kwa mwanamume na kwa mwanamke, vikigawanywa katika siku tatu au zaidi. Painti moja ya bia ya kawaida ni takriban vipimo 2, na chupa ya mvinyo huwa na takriban 10. Mjamzito anashauriwa asinywe kabisa. Anayekunywa kila siku kwa wingi asiache ghafla bila msaada wa daktari, kwa sababu anaweza kupata degedege.

*Tumbaku na shisha.* Moshi huharibu kuta za mishipa ya damu. Shisha nayo ni tumbaku, hata ikiwa na harufu ya matunda. Mwanamume anayeacha kuvuta huipa mishipa yake nafasi ya kupona.

*Miraa.* Majani haya, ambayo Tanzania huitwa mirungi, yana kemikali inayochangamsha mwili kwa namna inayofanana na amfetamini. Mwanzoni wapo wanaohisi hamu kuongezeka. Wanaotafuna kwa miaka mingi hulalamika kukosa usingizi, kutokwa na mbegu bila kutaka, na kupungukiwa nguvu za kiume. Tangu Juni 2014 miraa imepigwa marufuku Uingereza. Hata hivyo, anayeitafuna anaweza kumweleza daktari bila hofu.

*Bangi.* Kuvuta kwa wingi huhusishwa na kupungua kwa mbegu za kiume. Wengi huichanganya na tumbaku, hivyo hupata madhara ya vyote viwili.

*Heroini na dawa kali za maumivu.* Heroini, iitwayo "unga" mitaani, ni ya jamii moja na mofini, kodeini na tramadoli. Dawa hizi huzuia ubongo kuagiza homoni za uzazi. Mwanamume hupoteza hamu na nguvu. Mwanamke anaweza kukosa hedhi kwa miezi. Baadhi ya wanaume hutumia tramadoli kwa makusudi ili wachelewe kumwaga, kisha hujikuta hawawezi kulala wala kufanya kazi bila kidonge. Kidonge kilichoandikwa na daktari nacho huweza kuleta utegemezi. Kuwa na chapa ya duka la dawa hakukifanyi kuwa salama kwa kila mtu.

*Kokeini, methamfetamini na mefedroni.* Vilevi hivi hubana mishipa ya damu na kuuendesha moyo mbio. Huongeza hamu akilini huku vikiudhoofisha uume, na ndipo watu huongeza dawa ya nguvu juu yake. Kujamiiana kwa saa nyingi bila unyevu huchubua ngozi na kupasua kondomu, na kila mchubuko ni mlango wa maambukizi. Wapo pia wanaotumia GHB au GBL. Tofauti kati ya kipimo cha kulewa na kipimo cha kuzimia ni ndogo sana. Ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Yanayomhusu mwanamke hasa

Matatizo ya mwanamke husemwa kidogo kuliko ya mwanamume, lakini si machache: kukosa hamu, ukavu, maumivu wakati wa tendo, kutofika kileleni na hedhi kupotea. Wengi hudhani ni umri au uchovu wa kazi.

Kukosa hedhi kwa sababu ya heroini si kinga ya mimba. Mwanamke anapoanza matibabu ya methadoni au buprenofini, mayai yanaweza kuanza kutoka tena kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Wapo wanaopata mimba katika wiki hizo bila kujua. Mpango wa uzazi ujadiliwe siku ile ile matibabu yanapoanza.

Mjamzito anayetumia heroini asiache ghafla peke yake. Arosto kali inaweza kusababisha mimba kuharibika au uchungu kuanza kabla ya wakati. Njia salama ni kumwona mkunga mapema, ambaye atapanga matibabu pamoja na huduma ya dawa za kulevya. Kina mama wengi hujificha kwa kuogopa kunyang'anywa watoto. Kutumia kilevi peke yake si sababu ya kumtenga mtoto na mzazi. Kinachoangaliwa ni usalama wa mtoto, na mzazi anayetafuta msaada mapema huwa katika nafasi bora.

Kama kondomu imepasuka au haikutumika, kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Aina moja hutumika ndani ya siku 3 na nyingine ndani ya siku 5. Kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya siku 5 ndicho chenye uhakika zaidi.

Maambukizi: njia mbili, mgonjwa mmoja

Vilevi huongeza maambukizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitia damu: kuchangia sindano, kijiko, maji au pamba huhamisha VVU na homa ya ini aina ya B na C. Mara nyingi mwanamke hudungwa na mwenzake, tena baada ya mwanamume kumaliza. Hivyo hubeba hatari ya sindano na ya kitanda kwa pamoja. Ya pili ni kupitia kujamiiana: akili iliyolewa husahau kondomu, na wapo wanaolazimika kutoa mwili ili wapate kete.

Kisonono, klamidia, kaswende na VVU vinaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Kwa hiyo kipimo ndicho kinachojibu, si kujiangalia kwenye kioo. Vipimo vina muda wake baada ya tukio:

- Klamidia na kisonono: wiki 2.
- VVU, kwa kipimo cha maabara: siku 45.
- Kaswende na homa ya ini B na C: wiki 12.

Mtu asisubiri muda huo utimie ndipo aende kliniki. Aende mara moja, apimwe, na apangiwe kurudi.

Aliyekuwa katika hatari ya VVU anaweza kupewa dawa za kinga baada ya tukio. Zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na ni bora zaidi ndani ya saa 24. Humezwa kwa siku 28. Hupatikana kliniki ya afya ya kujamiiana, au idara ya dharura ya hospitali kliniki ikiwa imefungwa. Anayejua kwamba hatari itajirudia anaweza kuomba dawa za kinga kabla ya tukio.

Matibabu yapo kwa kila aliyeambukizwa. Anayemeza dawa za VVU vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Aina ya C haina chanjo, lakini hutibika kwa vidonge vya wiki 8 au 12, na wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 hupona kabisa.

Ridhaa

Mtu aliyelewa kiasi cha kutojua anachokifanya, au aliyelala, hawezi kuridhia tendo. Sheria ya England inatambua hivyo, na tangu 1991 imeweka wazi kwamba ndoa haiondoi haja ya ridhaa. Aliyetendewa kwa nguvu, mwanamke au mwanamume, anaweza kwenda katika kituo maalumu cha msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia. Huko hupata matibabu, vipimo na ushauri hata kama hataki kwenda polisi. Kuwa alikuwa amelewa si kosa lake, na hakumnyimi huduma.

Dawa zinazogongana

Hapa ndipo kuficha kunapoweza kuua. Mambo yafuatayo yajulikane na kila nyumba:

- Sildenafili na dawa za jamii yake zisichanganywe kamwe na dawa za moyo zenye naitreti, wala na vile vichupa vya kunusa viitwavyo poppers. Shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla.
- "Dawa za asili za nguvu" zinazouzwa mtandaoni na madukani zimekutwa mara nyingi na sildenafili isiyotajwa kwenye pakiti. Tangu 2018 sildenafili ya miligramu 50 hupatikana katika maduka ya dawa ya Uingereza bila cheti, baada ya mfamasia kumhoji mteja. Ni salama zaidi kuinunua hapo.
- Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya methadoni mwilini na kumletea mgonjwa arosto. Pia hudhoofisha vidonge vya kuzuia mimba. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi, nazo hupunguza methadoni.
- Ritonaviri na kobisistati, zinazotumika katika baadhi ya tiba za VVU, huongeza kiwango cha sildenafili na cha vilevi kadhaa mwilini hadi cha hatari.
- Baadhi ya dawa za sonona na za shinikizo la damu hupunguza hamu au nguvu. Mgonjwa asiziache mwenyewe. Amwombe daktari ambadilishie.

Huduma zilizopo na usiri wake

Kliniki za afya ya kujamiiana hupima na kutibu maambukizi ya zinaa, pamoja na VVU, bila malipo kwa kila mtu, awe na vibali vya ukaazi au asiwe navyo. Mtu anaweza kwenda bila barua ya daktari. Kujiandikisha kwa daktari wa familia pia ni bure na hakuhitaji kuonyesha hati za uhamiaji.

Huduma za dawa za kulevya za eneo hutolewa kwa kawaida bila malipo, na mtu anaweza kujipeleka mwenyewe. Hutoa ushauri, sindano safi, matibabu ya methadoni au buprenofini, na naloksoni ya kuchukua nyumbani. Matibabu ya methadoni si mageni kwa Waswahili: Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyaanza mwaka 2011. Aliyekuwa akiyapata huko amwambie mhudumu wa hapa, na asikae bila dawa akisubiri.

Wahudumu wa afya hawamripoti polisi mtu kwa kusema kwamba hutumia kilevi. Anayosema hubaki siri, isipokuwa pale mtoto au mtu mwingine anapokuwa katika hatari kubwa. Na hata hapo, kwa kawaida, mgonjwa huelezwa kwanza.

Mkalimani ni bure. Katika jamii ndogo, hofu ya kukutana na mkalimani anayefahamiana na ukoo ni ya kweli. Mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani wa simu aliye mji mwingine, ambaye si lazima atajiwe jina la mgonjwa, na kuomba awe mwanamke au mwanamume. Mtoto au ndugu asitumiwe kutafsiri mambo haya.

Imamu, mchungaji au mzee wa familia anaweza kuwa nguzo ya faraja na kumsindikiza mgonjwa. Dua na dawa hazipingani. Mmoja asimzuie mgonjwa kulipata la pili.

Ya kumwambia daktari

Aonaye haya kuanza mazungumzo anaweza kuandika majibu haya kwenye karatasi na kumpa muuguzi:

1. Ni kilevi gani, kiasi gani, na mara ngapi kwa wiki?
2. Ni dawa gani nyingine zinazotumika, zikiwemo za mitishamba na za kununuliwa mtandaoni?
3. Tatizo la chumbani lilianza lini: kabla ya kilevi, au baada yake?
4. Je, kumewahi kuchangiwa sindano, au kujamiiana bila kinga?
5. Je, kuna uwezekano wa mimba?
6. Je, nyumbani kuna hofu, kipigo au kulazimishwa?

Piga 999 mara moja endapo

- mtu aliyetumia kilevi haamki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, au midomo imegeuka buluu. Alazwe kwa ubavu. Naloksoni ikiwepo, na inadhaniwa ametumia heroini au dawa kali za maumivu, apewe. Asiachwe peke yake;
- kuna maumivu ya kifua baada ya kokeini au dawa ya nguvu. Wahudumu waambiwe wazi kilichotumika;
- mtu anapata degedege.

Uume uliosimama kwa zaidi ya saa 4 bila kulala ni dharura: aende hospitali usiku huo huo, kwa sababu ukichelewa unaweza kuharibika kabisa. Kwa ushauri usio wa dharura, namba ni 111, na mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Maneno machache yaliyosemwa mbele ya muuguzi yanaweza kumwokolea mtu afya yake, na nyumba yake pia.